Chumba Asichoonyeshwa Mgeni

 Leo, msikilizaji, nakupeleka kituo cha afya. Usiogope, hatuumwi. Hatukai kwenye benchi la wagonjwa wa nje, hatuchukui namba, hatupimwi uzito. Tunapita moja kwa moja hadi nyuma ya famasia, kwenye kichumba chenye mlango wa bati na kufuli lililoanza kushika kutu. Vituo vingi vinacho chumba cha namna hii. Kama si chumba basi ni kabati, na kama si kabati ni kona ya stoo iliyofunikwa kwa kanga kuukuu. Ni mahali asipoonyeshwa mgeni.

Kituo chenyewe sitakitaja, maana nilikaribishwa kwa wema na sitaki kulipa wema kwa fedheha. Mteknolojia dawa wa pale, dada wa miaka thelathini hivi, alinitembeza kwenye stoo yake kubwa kwa fahari, na alikuwa na haki ya kujivuna. Maboksi yalikuwa juu ya chaga, hayagusi sakafu wala ukuta. Kipimajoto kilitundikwa mahali pa kuonekana, na pembeni yake karatasi ya kuandika joto asubuhi na jioni, haijarukwa hata siku moja. Leja ilikuwa safi. Nikamuuliza, "Na zile zilizoisha muda, dada, mnaziweka wapi?"

Akatabasamu kidogo, akatazama chini, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti jeupe na kutoa ufunguo.

"Kaka, hizi nilizikuta," akaniambia tulipofika mlangoni. "Na niliyempokea naye alizikuta. Kwenye hati ya makabidhiano zimeandikwa mstari mmoja tu: dawa mbalimbali zilizoisha muda, maboksi kumi na moja."

Nikainama nikatazama. Makopo ya vidonge elfu moja moja, mengine vifuniko vimetuna. Vichupa vya dawa ya unga ya watoto, ile ya kuchanganya na maji yaliyochemka yakapoa. Ampuli za kioo zimelala kwenye vitanda vyake vya karatasi. Dripu zilizogeuka rangi. Na boksi moja la dawa ya minyoo lilikuwa limetafunwa pembe. Panya wa kituo kile, nadhani, hawana minyoo.

Tukacheka. Halafu tukanyamaza, maana hapakuwa na la kuchekesha zaidi ya hapo.

Msikilizaji, tukisikia "taka za dawa" mawazo yetu hukimbilia shimoni: moshi mweusi nyuma ya zahanati, watoto wanaookota vichupa, maji machafu mtoni. Hayo yapo na nitayasema. Lakini neno langu la leo ni moja. Sheria ya kuteketeza dawa haianzi kuvunjwa shimoni. Inaanza kuvunjwa ndani ya kichumba kile, siku dawa inapoisha muda na hakuna mtu anayetaka kuiandika kwamba imeisha. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dawa iliyoisha muda nayo ni mali. Ikikosa daftari itapotea, na ikipotea haitatuambia imekwenda kwa nani.

Tuanze na sheria inavyosema, maana wengi tunaizungumza bila kuijua. Hapa Tanzania Bara, msimamizi wa dawa ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Wenye umri wangu mtaikumbuka kwa jina la TFDA, iliyoanza mwaka 2003 ikishika chakula, dawa na vipodozi. Mwaka 2019 chakula na vipodozi vikahamishiwa Shirika la Viwango, dawa na vifaa tiba vikabaki. Mazingira yana Sheria yake ya mwaka 2004, na msimamizi wake ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Kwa hiyo dawa mbovu ina wakubwa wawili: mmoja anauliza isije ikamrudia mgonjwa, mwingine anauliza isije ikaingia kwenye udongo, maji na hewa.

Utaratibu wenyewe, ukiuondolea lugha ya ofisi, mtu yeyote anaweza kuufuata kwa akili. Kwanza unazitenga: dawa mbovu zisikae rafu moja na dawa nzima, na mahali zilipo pafungwe. Pili unaziorodhesha: jina la dawa, nguvu yake, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, idadi, thamani. Tatu unaiandikia Mamlaka ukiomba kuziteketeza. Nne mkaguzi anakuja, anahesabu, analinganisha na orodha yako. Tano zinasafirishwa hadi mahali palipokubaliwa na kuteketezwa mbele ya mashahidi. Sita inatolewa hati kwamba dawa hizi, idadi hii, siku hii, zimeteketezwa. Basi. Dawa za maumivu makali kama mofini na pethidini zina leja yake ya pekee na ulinzi zaidi, kwa sababu hizo zikiibwa hata kutoka jalalani zina soko.

Na kama kituo ni cha serikali, kuna hatua nyingine inayowachosha wengi. Dawa ile ni mali ya umma. Huwezi kuichoma kwa sababu tu imekufa. Lazima kwanza ifutwe kwenye vitabu kwa kibali cha wenye mamlaka ya mali hiyo. Yaani barua inatoka kituoni, inapanda wilayani, inaendelea kupanda, halafu inashuka. Huku chini panya wanaendelea na dozi yao.

Sasa msikilizaji utaniuliza, kwa nini mtu asichimbe tu shimo akamwaga petroli, akawasha kiberiti, yakaisha? Nilimuuliza dada yule hivyo hivyo, kwa makusudi. Akanionyesha shimo. Lilikuwa hatua kama arobaini kutoka pale tulipokuwa tumesimama. "Waliotangulia walijaribu," akasema.

Tukasogea. Pembeni mwa shimo lile, kwenye jivu la kijivu, niliona vitu vitatu ambavyo hata leo nikifumba macho naviona. Cha kwanza, karatasi za fedha za vidonge, zile za kubofya, zimekunjamana na kuungua nje lakini ndani vidonge bado vya duara, vyeupe, vinang'aa. Moto wa shimo haukuwa na nguvu ya kuvimaliza. Cha pili, ampuli. Kioo kikipashwa moto hali kimefungwa, kinapasuka. Vipande vilikuwa vimeruka hadi nje ya shimo, kwenye majani ambako kuku walikuwa wanachakura. Cha tatu, plastiki iliyoyeyuka ikagandamana kama uji ulioungulia sufuriani.

Ile plastiki ndiyo mbaya kuliko unavyoiona. Sehemu ya vifungashio vya dawa ni plastiki yenye klorini ndani yake. Ukiichoma kwa moto mdogo unaofuka moshi, unatengeneza sumu ziitwazo dayoksini. Hizi haziozi upesi. Zinatua kwenye majani, ng'ombe anakula majani, zinajificha kwenye mafuta ya maziwa na nyama, na sisi tunakunywa chai ya maziwa. Ndiyo maana mataifa yalikaa Stockholm mwaka 2001 yakaandika mkataba wa kuzizuia, na dayoksini zimo kwenye orodha ya mwanzo kabisa.

Kwa hiyo tatizo si moto. Tatizo ni moto dhaifu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kuteketeza dawa zisizohitajika, linataka kichomea taka chenye vyumba viwili na joto lisilopungua nyuzi 850: chumba cha kwanza kinaunguza taka, cha pili kinaunguza moshi wake. Dawa za saratani zinahitaji zaidi ya hapo, karibu nyuzi 1,200, kwa sababu zimetengenezwa kuua seli, na ukizichoma nusunusu unazigeuza kuwa mvuke unaoua seli za anayechoma. Vichomea vidogo vya matofali tunavyoviona kwenye hospitali zetu, vile vyenye bomba la moshi refu kama mnazi mchanga, vilibuniwa kwa ajili ya sindano na taka za wodini. Vikiendeshwa na mtu aliyefunzwa, kwa kuni kavu, vinafanya kazi hiyo vizuri. Kuvishindilia gunia la vidonge ni kuvionea.

Mko baadhi yenu mliowahi kuona kwenye taarifa ya habari dawa za kulevya zilizokamatwa zikiteketezwa kwenye kiwanda cha saruji, pale Wazo, Dar es Salaam. Umewahi kujiuliza kwa nini saruji? Tanuri la saruji linapika mawe. Malighafi ndani yake hufikia nyuzi 1,450 na mwali wake ni mkali zaidi ya hapo, na taka hukaa humo muda wa kutosha kusahau kwamba iliwahi kuwa dawa. Ndiyo maana mwongozo ule unalisifu tanuri la saruji, kwa sharti kwamba dawa zisizidi asilimia tano ya kuni zake kwa wakati mmoja.

Lakini si kila wilaya ina kiwanda cha saruji. Mfuko wa saruji, hata hivyo, upo kila duka la vifaa vya ujenzi. Hapa naomba unisikilize vizuri, hasa wewe uliye mfawidhi wa kituo kilicho mbali.

Iko njia ya pipa. Unachukua pipa la chuma au la plastiki ngumu, limeoshwa, halijawahi kubeba kitu cha kulipuka. Kama ni la chuma, mfuniko wake unakatwa ukakunjwa nyuma kama mdomo wa kopo la samaki, na mwenye kufanya hivyo avae glovu maana makali yake ni wembe. Unaingiza vidonge na vitu vikavu hadi robo tatu ya pipa. Kisha unakoroga chokaa, saruji na maji: kwa uzito, sehemu 15 za chokaa, 15 za saruji, 5 za maji, na maji unaweza kuongeza kidogo ili uji uwe wa kumiminika. Unaujaza mpaka juu, unarudisha mfuniko, unaufunga kwa kuuchomelea. Ukikauka una jiwe. Jiwe hilo linazikwa chini kabisa ya dampo lililoidhinishwa na kufunikwa. Hakuna mtoto atakayelifungua, hakuna mjanja atakayelibandika lebo mpya.

Huyo mjanja nimemtaja kwa makusudi. Dawa iliyoisha muda ina thamani kwa mtu mmoja tu, yule anayejua kufuta tarehe. Boksi tupu lililotupwa zima, lenye jina la kiwanda na namba ya toleo, ni nguo ya kumvalisha tapeli. Kwa hiyo hata vifungashio vinatakiwa vichanwe na kuharibiwa, visitupwe vikiwa bado vinaonekana vya dukani.

Na za maji je? Dripu za chumvi na za glukosi ni maji ya chumvi na sukari. Hizo mwongozo unaruhusu zimwagwe kidogo kidogo na maji mengi. Lakini usije ukachukua ruhusa hiyo ukaipeleka kwenye antibayotiki. Shimo la choo cha hospitali limejaa bakteria. Ukilimwagia antibayotiki iliyopungua nguvu, umewafungulia shule: wanyonge wanakufa, wagumu wanafaulu, na wahitimu wanarudi wodini kutusalimia.

Homoni nazo zina habari yake. Kati ya mwaka 2001 na 2003, watafiti nchini Kanada walichukua ziwa dogo la majaribio kule Ontario wakalitia homoni ile ile iliyomo kwenye vidonge vya uzazi wa mpango. Kiasi kilikuwa kidogo mno, nanogramu tano hivi kwa lita. Samaki wadogo wa kiume wakaanza kupata dalili za kike, na baada ya muda aina ile ya samaki ikakaribia kutoweka ziwani. Mimi si mwanasayansi, lakini hesabu ya shule ya msingi naijua. Kidonge kimoja cha kawaida cha uzazi wa mpango kina mikrogramu 30 za homoni hiyo. Ukigawanya, kidonge kimoja kinatosha kuyafanya maji lita 6,000 yawe kama maji ya ziwa lile. Tangi kubwa jeusi la lita 5,000 unaloliona juu ya nguzo nyumbani kwa jirani halitoshi kwa kidonge kimoja.

Simwambii mtu aache kumeza vidonge vyake. Nasema boksi zima lililoisha muda lisimwagwe chooni.

Sasa turudi kwenye kile kichumba, kwa sababu hata mimi nilimuuliza dada yule: kama utaratibu mnaujua, mbona maboksi kumi na moja?

Akanijibu kwa swali. "Kaka, wewe ungekuwa mimi, ungekuwa wa kwanza kuandika?"

Msikilizaji, tafakari hilo. Nje kuna mama aliyeambiwa dawa ya mtoto haipo, akanunue dukani. Ndani kuna boksi la dawa ile ile, imeisha muda mwezi uliopita. Atakayeandika kwamba imeisha ndiye atakayeulizwa kwa nini iliisha. Mkaguzi wa hesabu atauliza. Diwani atauliza. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikitaja dawa zilizoisha muda, magazeti yanaweka kichwa cha habari, na sisi watangazaji, nakiri, tunakisoma kwa sauti ya mshangao. Basi mtu anajifunza kunyamaza. Anafunga mlango, anasubiri uhamisho, anamkabidhi mwenzake ufunguo. Mficha maradhi, kilio humuumbua; hapa kinachofichwa ni ugonjwa wa stoo, na kilio kitatokea kwenye kisima.

Na mara nyingi aliyeziacha ziishe si yeye. Wenye umri mkubwa mtakumbuka yale masanduku ya dawa ya miaka ya 1980. Yalikuja yamefungwa, ya aina moja kwa zahanati zote: ya Kigoma sawa na ya Lindi. Yalisaidia sana, nchi ilikuwa na njaa ya dawa. Lakini sanduku halikujua kijiji gani kina kichocho na kipi hakina. Huku dawa hii inaisha wiki ya pili, ile inalundikana. Baadaye tukahamia kwenye utaratibu wa kituo kuagiza chenyewe kutoka Bohari ya Dawa kwa kadiri ya mahitaji yake. Huo ni bora, ila unategemea jambo moja: namba za leja ziwe za kweli. Ukiagiza kwa kukisia, umejitengenezea sanduku lile lile la zamani kwa mkono wako mwenyewe.

Misaada nayo ina dhambi zake. Vita vya Bosnia, kati ya mwaka 1992 na katikati ya 1996, vilivuta huruma ya dunia. Malori yakapakia dawa. Walipokuja kuhesabu, takribani tani 17,000 zilikuwa hazifai: zimeisha muda, hazijulikani, au hazina kazi pale. Gharama ya kuziondoa ilikadiriwa kufikia dola milioni 34 za Marekani. Watu waliokosa hata mkate wakaachiwa kazi ya kuzika ukarimu wa wengine. Ndipo miongozo ya misaada ya dawa, kuanzia mwaka 1996, ikasisitiza kwamba dawa ya msaada ikifika nchini iwe bado imebakiza angalau mwaka mmoja wa kuishi. Kwa hiyo, mfawidhi, ukiletewa zawadi yenye miezi mitatu mbele yake, na kituo chako kinaitumia kwa mwaka, kusema "ahsante, lakini hapana" si utovu wa adabu. Unakataa kupokea taka iliyofungwa utepe.

Sasa nini kifanyike? Nina mambo matatu.

La kwanza liko mikononi mwa mtunza stoo, na halina gharama. Inayowahi kuisha muda ikae mbele na itoke kwanza, hata kama iliingia jana. Na dawa iliyobakiza miezi sita isisubiri kufa. Piga simu kituo cha jirani. Dawa inayokaa kwako inaweza kuwa inaombewa dua kilomita ishirini kutoka hapo. Kuihamisha kwa kumbukumbu za maandishi, mfamasia wa wilaya akijua, ni nafuu kuliko pipa, saruji na barua sita.

La pili liko wilayani. Si haki kumtaka kila mfawidhi wa zahanati apeleke maboksi yake mwenyewe kwenye kichomea kilicho mkoani, kwa gari asilokuwa nalo na mafuta yasiyo kwenye bajeti. Wilaya ingeweza kupanga siku, tuseme mara mbili kwa mwaka, gari lile lile linalosambaza dawa mpya likarudi na mbovu zilizotiwa lakiri, orodha mkononi. Maombi ya wilaya nzima yakaenda kwa barua moja, mkaguzi akaja mara moja, pipa likajaa mara moja. Na bajeti ya kituo iwe na mstari wa kuteketeza kama ilivyo na mstari wa kununua. Anayenunua sufuria bila kufikiria maji ya kuioshea hajamaliza kununua.

La tatu liko kwetu sote, na ndilo gumu. Tuache kumpiga anayesema kweli. Kituo kilichoandika kwamba kimepoteza kiasi hiki cha dawa, kwa sababu hii, kisichukuliwe kuwa kibaya kuliko kile kisichoandika kitu. Hakuna stoo ya dawa duniani isiyopoteza hata kidonge. Stoo inayosema haijapoteza chochote ndiyo ya kuombewa ufunguo.

Na wewe mwananchi unaingia wapi? Unaingia zaidi ya unavyodhani. Kila zahanati na kituo cha afya cha umma kinatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi, na ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi, pengine jirani yako, pengine wewe. Kikao kijacho, baada ya ajenda ya mapato na matumizi, uliza maswali mawili tu. Dawa zilizoisha muda ziko wapi? Na hati ya mwisho ya kuteketeza ni ya tarehe ngapi? Uliza kwa heshima, bila kukunja uso. Ukiwauliza kama polisi watakufungia mlango.

Nyumbani kwetu pia tuna kichumba. Mimi nitajisema. Mzee wangu alipofariki, tulikusanya dawa zake, mfuko mzima wa rambo: za presha, za sukari, za maumivu. Kwa uchungu wa msiba hakuna aliyetaka kuziangalia. Nikazitupa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Siku ya tatu, kabla hata matanga hayajaondolewa, nikasikia kelele ya kitoto uani. Mtoto wa jirani ametengeneza kayamba, anatikisa kichupa cha vidonge vya sukari, anacheza. Mfuniko ulikuwa umefungwa. Ninamshukuru Mungu kwa mfuniko ule hadi leo.

Wenzetu Ufaransa, tangu mwaka 1993, wana mpango wa kurudisha dawa za nyumbani kwenye maduka ya dawa, nazo zinakusanywa na kuchomwa inavyotakiwa. Sisi, mpaka tufike huko, tuanze na tulichonacho: usinunue dozi zaidi ya uliyoandikiwa, maliza uliyoandikiwa, na iliyobaki mrudie mfamasia au kituo chako umuulize ifanyweje. Wakiulizwa na watu mia, watalazimika kuwa na jibu.

Kabla sijaondoka siku ile, dada yule alifanya jambo ambalo sikumwomba. Alichukua daftari jipya, akapiga mistari kwa rula, akaandika juu: jina, nguvu, toleo, tarehe, idadi, thamani. Akavuta boksi la kwanza, lile la panya. Akaniambia, "Kaka, wewe soma, mimi niandike." Nikasoma. Namba za toleo zilikuwa ndogo, ikabidi nivae miwani. Tulimaliza boksi moja na nusu kabla mgonjwa hajagonga dirisha la famasia, naye akainuka kwenda kuhudumia.

Alipofunga ule mlango, ufunguo hakuurudisha mfukoni. Aliutundika kwenye msumari karibu na kipimajoto, mahali ambapo mtu yeyote anayeingia atauona.

Msikilizaji, yalibaki maboksi tisa na nusu. Usiku mwema.